Filamu tano za mtu aliyebambikiwa kesi: uanze na ipi?

Mtu akiniomba nimtajie filamu ya mtu aliyesingiziwa kosa, huwa namuuliza kwanza: unataka kumwona akishinda, au unataka kuona alivyoingizwa? Filamu nyingi huweza kimoja tu kati ya hivyo viwili. Zile za ushindi utazimaliza unapiga makofi. Zile za namna alivyoingizwa utazimaliza kimya, ukijiuliza siku ile, saa ile, wewe mwenyewe ulikuwa wapi na nani angesimama kukutolea ushahidi.

Nimechagua tano, zote nimezirudia zaidi ya mara moja: The Wrong Man ya 1956, The Fugitive na In the Name of the Father, zote za 1993, The Hunt ya 2012 na Just Mercy ya 2019. Tatu ni visa vya kweli, na kwa kuwa mwisho wake uko kwenye historia, sitauficha. Mbili ni za kubuni, hizo sitakumalizia. The Shawshank Redemption nimeiacha nje kwa makusudi. Karibu kila mtu ameshaiona, na isitoshe mfungwa wake mkuu, Andy Dufresne, hatafuti haki mahakamani. Anapopata upenyo mmoja tu wa kusafisha jina lake, mkuu wa gereza anauziba, na kuanzia hapo filamu ni ya subira na kinyundo cha mawe. Nzuri sana, ila ni safari nyingine.

Anayekimbia na asiyekimbia

Tuanze na ile rahisi kupendwa. Katika The Fugitive, Harrison Ford ni Dk. Richard Kimble, bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu jijini Chicago. Anarudi nyumbani usiku, anamkuta mkewe ameshambuliwa, anapambana na mtu mwenye mkono wa bandia, na mtu huyo anamponyoka. Polisi hawamsadiki. Mbaya zaidi, mkewe alipiga simu ya dharura akiwa anakata roho na akalitaja jina la Richard. Alikuwa anamwita. Mahakamani ikasikika kama anamtaja muuaji. Hukumu ni kifo, kisha basi la wafungwa linagongwa na treni (treni ya kweli, waliigongesha kweli kule North Carolina) na mbio zinaanza.

Tangu hapo wewe tulia tu. Hii ni picha ya stelingi, na stelingi hafi. Lakini ina mambo mawili yanayoifanya isiwe ya kukimbizana tu. La kwanza ni Tommy Lee Jones akiwa Gerard, afisa anayemsaka. Wanapokutana uso kwa uso kwenye handaki la bwawa, Kimble anapaza sauti kwamba hakumuua mkewe, na Gerard anamjibu kwamba hilo halimhusu. Jibu la kikatili, lakini ni la kweli: kazi yake ni kumrudisha, hatia ilishaamuliwa na wengine. Namna mtu huyo anavyoanza taratibu kuingiwa na shaka, bila hotuba wala machozi, ndiyo iliyompa Jones tuzo ya Oscar.

La pili ni tukio la dakika chache tu. Kimble amejipenyeza hospitalini akijifanya mfanya usafi. Daktari mmoja anamwamuru asukume kitanda cha mtoto mgonjwa. Akiwa njiani anaitazama eksirei, anamuuliza mtoto anaumwa wapi, anaona waliomwangalia wamekosea, anabadilisha maandishi kwenye karatasi na kumpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Anajua akionekana amekwisha. Hakuna wakili ambaye angemtetea vizuri kuliko vile.

Kasoro yake? Kimble anajikomboa kwa akili zake, kwa usomi wake na kwa kuwajua watu wenye vyeo. Mahakama iliyomtia hatiani tunaiona kwa dakika chache, kisha inasahaulika. Ukitaka kujua mtu asiye daktari bingwa angefanyaje, hapa hutapata jibu.

Jibu utalipata kwenye The Wrong Man. Hii mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alijitokeza mwenyewe mwanzoni, kivuli kirefu nyuma yake, kuwaambia watazamaji kwamba kila neno ni la kweli. Manny Balestrero, anayechezwa na Henry Fonda, anapiga besi katika ukumbi wa Stork Club, New York. Mkewe anahitaji matibabu ya meno, fedha hazitoshi, basi anakwenda ofisi ya bima kuuliza kama anaweza kukopa kwa bima ya mkewe. Wafanyakazi wa dirishani wanatazamana. Amefanana na mtu aliyewaibia.

Kinachofuata nadhani ndiyo nusu saa bora kuliko zote kuhusu jambo hili. Hakuna anayempiga. Hakuna anayefoka. Askari wanamwambia kwa upole kwamba kama hana hatia hana cha kuogopa. Wanampeleka kwenye maduka yaliyoibiwa, wanamwambia aingie, atembee hadi mwisho, ageuke, atoke, huku wenye maduka wakimkodolea macho. Kisha wanampa karatasi aandike maneno yaliyokuwa kwenye kikaratasi cha mwizi. Anaandika. Anakosea tahajia ya neno moja, na mwizi naye alikosea neno lile lile, vile vile. Utaona uso wa Fonda unavyobaki wazi kama wa mtoto aliyeulizwa swali asilolielewa. Kila mmoja pale ametimiza wajibu wake, na matokeo yake ni mtu mwema kulala rumande.

Kama Kimble anashinda kwa kukimbia, Manny hata hajui pa kukimbilia. Anatafuta watu aliokuwa nao siku ya wizi, anakuta wengine wamekufa. Mkewe, Rose, anaanza kujilaumu kwa sababu ya yale meno, hadi akili inamtoka na anapelekwa hospitali. Hapo ndipo utajua hii si filamu ya kumsafisha mtu jina. Mwizi halisi anakamatwa, ndiyo. Lakini mume anapompelekea mke habari hiyo, mke hana tena mahali pa kuiweka.

Tahadhari: ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na inakwenda polepole kwa makusudi. Rafiki niliyeiangalia naye alisinzia mara mbili. Hana ubaya, alikuja akitarajia mbio.

Baba na mwana, wakili na mteja

Hizi mbili zinazofuata ndizo watu huzichanganya, na ndizo zinazostahili kuwekwa bega kwa bega. Zote ni za kweli, zote zina wakili asiyekata tamaa, na zote zina ushahidi uliofichwa kwenye makabati ya serikali. Lakini moyo wa kila moja uko mahali pake.

In the Name of the Father ya Jim Sheridan inatokana na kesi ya watu wanne wa Guildford. Tarehe 5 Oktoba 1974, mabomu ya IRA, kundi la silaha lililopigania kuitoa Ireland Kaskazini mikononi mwa Uingereza, yalilipuka katika baa mbili za mji huo wa Uingereza na kuua watu watano. Wiki chache baadaye bunge likapitisha sheria iliyowaruhusu polisi kumshikilia mtu hadi siku saba bila kumfungulia mashtaka. Gerry Conlon, kijana wa Belfast, akawa miongoni mwa wa kwanza kuonja sheria hiyo. Daniel Day-Lewis hamchezi kama malaika, na hapo ndipo filamu inapowashinda wenzake. Gerry ni mwizi mdogo mdogo, mropokaji, mtu anayemchosha baba yake. Hakuua mtu, basi. Filamu haikuombi umpende kwanza ndipo umhurumie.

Chumbani kwa mahojiano wanampiga, wanamnyima usingizi, wanampigia kelele, na bado anakataa. Halafu afisa mmoja anainama na kumnong'oneza sikioni kwamba atamuua baba yake. Gerry anaichukua kalamu na kusaini karatasi tupu. Nimeliona tukio hilo labda mara nne, na kila mara hujikuta nimeacha ninachofanya. Anayeuliza "kwa nini mtu akiri kosa ambalo hakulifanya?" mwonyeshe dakika hizo.

Baba yake, Giuseppe, mgonjwa wa mapafu, anavuka bahari kwenda London kumtafutia mwanawe wakili, naye anakamatwa. Anafungwa pamoja na jamaa zake, familia ya akina Maguire, kwa madai ya kushika kemikali za milipuko. Mdogo kati yao alikuwa na miaka 14 alipohukumiwa. Jaji wa kesi ya Gerry alisikitika hadharani kwamba washtakiwa hawakufunguliwa shtaka la uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa bado ni kunyongwa.

Sehemu kubwa ya filamu inabaki ndani ya selo: baba anayeandika barua akiamini ukweli utasikika, na kijana anayemcheka kwa imani hiyo. Pete Postlethwaite anamcheza Giuseppe kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa kumaliza pumzi yake. Giuseppe alifia kifungoni mwaka 1980. Katika filamu, wafungwa wanawasha karatasi na kuzidondosha kupitia madirishani, moja moja, moto mdogo mdogo ukishuka gizani. Hakuna anayesema neno.

Niwe mkweli: filamu imechezea historia. Baba na mwana hawakukaa selo moja miaka yote ile kama inavyoonyeshwa. Kesi zao hazikusikilizwa pamoja, zilikuwa mbili tofauti. Na lile tukio la Emma Thompson, akiwa wakili Gareth Peirce, akipunga mahakamani karatasi iliyoandikwa kwamba upande wa utetezi usionyeshwe, halikutokea hivyo. Peirce si wakili wa aina inayosimama mbele ya majaji wa rufaa kule. Kilichoivunja kesi mwaka 1989 kilikuwa kikavu zaidi, na kwangu kinatisha zaidi: makaratasi ya polisi yaliyopigwa chapa na kusahihishwa kwa mkono, ilhali maelezo yaliyotolewa mahakamani yalidaiwa kuandikwa papo hapo washtakiwa wakizungumza. Upande wa mashtaka wenyewe ukakiri hauwezi tena kuitetea hukumu. Maafisa watatu wa polisi walishtakiwa baadaye na kuachiwa huru mwaka 1993, mwaka ule ule filamu ilipotoka. Waziri Mkuu Tony Blair aliomba radhi mwaka 2005. Giuseppe alikuwa amekaa kaburini miaka 25.

Basi ukiwa mtu wa "nataka ilivyotokea hasa", utakereka. Ukiwa mtu wa kutafuta ukweli wa baba na mwana, hakuna inayoikaribia.

Just Mercy ni mwaminifu zaidi kwa kumbukumbu za kesi, na uaminifu huo ndio nguvu yake na ndio unaoipunguzia joto. Walter McMillian, mkata miti mweusi wa Monroeville, Alabama, alikamatwa mwaka 1987 kwa mauaji ya msichana mweupe aliyekuwa kazini katika duka la kufulia nguo. Saa ya mauaji alikuwa kwenye shughuli ya kuuza samaki wa kukaanga kuchangia kanisa, na waliomwona walikuwa wengi. Wengi, lakini weusi. Upande wa pili kulikuwa na shahidi mmoja mkuu, Ralph Myers, mhalifu mwenye kesi zake mwenyewe. Mizani ikalala kwa Myers.

Utaratibu wenyewe unaduwaza kuliko hadithi yoyote ya kutunga. McMillian aliwekwa jengo la wanaosubiri adhabu ya kifo kabla kesi yake haijasikilizwa. Kesi ilichukua siku moja na nusu. Waamuzi raia, 11 weupe na mmoja mweusi, walipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akawapuuza na kutoa adhabu ya kifo, kwa sababu sheria ya Alabama ilimruhusu. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2017. Na mji huo huo wa Monroeville unajivunia kuwa nyumbani kwa Harper Lee, mwandishi wa riwaya mashuhuri kuliko zote za Marekani kuhusu mtu mweusi aliyesingiziwa. Wakili Bryan Stevenson anafika, wenyeji wanamsifia jumba la makumbusho la riwaya hiyo. Nilicheka, kicheko kile cha uchungu.

Jamie Foxx, kama McMillian, ndiye wa kumtazama. Mwanzoni hataki hata wakili. Ameshaelewa kwamba hapo alipo, kuwa na matumaini ni kazi nzito. Michael B. Jordan, akimcheza Stevenson, ni mtulivu na mwenye heshima, wakati mwingine kupita kiasi, hana doa hata moja. Ndiyo maana nilisema joto linapungua: Gerry Conlon unaweza kumkasirikia, Stevenson huna la kumfanyia zaidi ya kumheshimu.

Tukio lililonikaa si la McMillian. Ni la Herbert Richardson, askari wa zamani wa vita vya Vietnam, jirani yake wa selo. Huyu hakusingiziwa, bomu lake lilimuua msichana, na vita vilikuwa vimemharibu akili. Anapopelekwa kwenye kiti cha umeme, wafungwa wenzake wanagonga vikombe kwenye nondo ili ajue hayuko peke yake. Filamu inakulazimisha umwonee huruma mwenye hatia katikati ya hadithi ya asiye na hatia. Hakuna nyingine kati ya tano hizi iliyothubutu.

McMillian aliachiwa tarehe 2 Machi 1993, baada ya miaka sita. Filamu inaukaribia mwisho huo kama zilivyo filamu nyingi za mahakamani: muziki unapanda, chumba kimejaa, machozi. Hata hivyo nililia, sitajifanya.

Pasipo na wakili

The Hunt ya Thomas Vinterberg inatoka Denmark, kwa Kidenmark inaitwa Jagten, kwa hiyo utasoma maandishi ya chini. Lucas, anayechezwa na Mads Mikkelsen, ni mlezi katika shule ya chekechea. Mtoto wa rafiki yake wa damu, akiwa amenuna kwa jambo dogo, anasema neno moja asilolielewa. Mtu mzima analisikia. Anaitwa mtaalamu, naye anamuuliza mtoto maswali ambayo majibu yake yamo ndani ya swali lenyewe. Mtoto anajaribu kusema kwamba hakumaanisha, na wakubwa wanamwambia ni kawaida kusahau. Kufikia jioni kijiji kizima kimeshahukumu.

Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na hii ni filamu ya watu wanaoishi kwa methali hiyo. Watoto wengine wanaanza kueleza chumba cha chini ya nyumba ya Lucas kilivyo. Nyumba yake haina chumba cha chini. Polisi wanamwachia mapema sana, na hapo ndipo taabu inapoanza, maana hakuna rufaa ya kukata dhidi ya majirani. Anakwenda dukani kununua chakula, wanampiga na kumtupa nje. Anajikongoja, anarudi ndani, damu usoni, kuchukua vitu vyake na kulipa. Mikkelsen alishinda tuzo ya mwigizaji bora Cannes mwaka 2012, na usiku wa Krismasi kanisani, anapogeuka kumtazama rafiki yake katikati ya wimbo, utajua kwa nini.

Ukiiweka karibu na The Wrong Man utaona ni ndugu. Zote mbili hazina adui. Tofauti ni kwamba Manny alikuwa na siku ya kusikia kwamba amesafishwa, mwizi halisi akapatikana. Lucas hana mkosaji halisi wa kupatikana, kwa sababu kosa lenyewe halikutokea. Utamkamata nani?

Sasa, ipi?

Kama mko wengi sebuleni na kuna anayeshika simu kila dakika tano, weka The Fugitive mmalize. Haina haja ya kuelezwa, na ukiinuka kuchukua maji utarudi ukiwa bado unaelewa.

Kama una kijana anayefikiria kusoma sheria, ni Just Mercy. Ataona kazi ya wakili ilivyo hasa: kusoma mafaili, kuendesha gari mwendo mrefu, kukataliwa, kurudi tena. Kuna matusi kidogo na kile kifo cha kiti cha umeme, hakionyeshwi waziwazi lakini kinasikika vya kutosha. Wadogo zaidi wasubiri.

The Wrong Man ni ya kuangalia peke yako, simu mbali. Haifiki hata saa mbili. Anayependa kujua namna ushahidi wa macho unavyodanganya asianze na kitabu, aanze hapa.

The Hunt siwapi wazazi wa watoto wadogo bila kuwaonya kwanza, si kwa sababu inaonyesha ubaya wowote kwa mtoto, haionyeshi, ila kwa sababu katikati utagundua kwamba nawe ungekuwa upande wa wale wanaofunga mlango. Mimi niligundua hivyo dakika ya arobaini na kitu, na sikufurahi.

Na ukiniambia una usiku mmoja tu, chukua In the Name of the Father, pamoja na uongo wake wote mdogo mdogo. Ukishamaliza, tafuta picha halisi za tarehe 19 Oktoba 1989, Gerry Conlon akitoka mahakamani London kwa mlango wa mbele, ngumi juu. Kisha urudie lile tukio la kalamu.